Siku Niliyosugua Taa za Gari la Baba Mkwe

Jamani, kuna aibu mtu anaisimulia huku anacheka, na kuna hii yangu, ambayo watoto wangu wameisikia kwa shangazi yao kwa sababu mimi mwenyewe kila ilipoanza kutajwa nilikuwa nakimbilia jikoni kuangalia maharage ambayo hayajabandikwa. Leo nawasimulia mwenyewe, tena yote, maana nimesikia huko nje imeshaongezwa chumvi, eti nilivaa sanda. Haikuwa sanda. Lilikuwa shuka la kitanda, nitawaeleza lilifikaje kichwani.

Mimi ni Mhehe, mzaliwa wa Kihesa pale Iringa, na miaka ile ya sabini niliolewa na Mnyakyusa anayeitwa Ambakisye, ambaye wazazi wake walikuwa wametoka Tukuyu wakahamia Mbalizi, nje kidogo ya Mbeya mjini. Ambakisye alikuwa anafanya kazi kwenye reli mpya, yuko kambini siku nyingi kuliko alizokuwa nyumbani, kwa hiyo mimi nilikuwa naishi na wakwe. Sasa wanaowajua Wanyakyusa wa zamani hapa wameshaanza kutikisa kichwa, maana kwao mkamwana na baba mkwe hawaonani. Sisemi hawazoeani, nasema hawaonani. Ukisikia kikohozi chake njiani unaingia kwenye mahindi mpaka apite, hulali chini ya paa alilolala yeye, humsemeshi, jina lake hulitaji (mpaka leo silitaji, na si kwamba nimelisahau), na hata sauti yako inatakiwa isimfikie. Wenyewe wanaita kutila, ni heshima na woga vimechanganywa pamoja. Kwetu Kihesa nako kuna heshima za wakwe, lakini mimi nilikua namwona mama yangu akimtilia babu, yaani baba mkwe wake, maji ya kunawa mchana kweupe, wanaongea habari za mvua, hakuna aliyekufa.

Basi nikajifunza. Nilipewa nyumba yangu ndogo upande wa pili wa uwanja, kanga haikai mbali na kichwa, masikio yamesimama muda wote kusikiliza viatu vyake viko wapi. Na pamoja na yote hayo yule mzee nilimpenda, nawaambieni kweli. Mimba yangu ya kwanza ilipokuwa changa, natapika mpaka nyongo, yeye ndiye aliyekuwa anapita sokoni kuninunulia ndimu, anampa mama mkwe na kumwambia, "Mpe yule." Mimi ndiye yule. Nikawa najiuliza, mtu kama huyu ambaye siwezi hata kumwambia asante, nitamfanyia nini ajue kwamba nimeziona ndimu zake? Hapo ndipo shetani aliponionyesha gari.

Lilikuwa Pijo pikapu, lenye kichwa cha watu wawili watatu mbele na bodi la kubebea mizigo nyuma, alilinunua kwa Mzungu mmoja wa mashamba ya chai aliyekuwa anarudi kwao. Gari zuri, ila taa zake za mbele zilikuwa zimefifia. Vioo vimechubuliwa na kokoto, vimefunga ukungu, na mama mkwe alikuwa na wimbo wake kila wakirudi na giza, "Baba Ambakisye, hizo taa zako ni kama macho ya mbuzi mzee." Mzee anajibu, "Nitampelekea fundi." Halafu hampelekei. Na safari ilikuwa inakuja, maana mimba ilikuwa imefika mwezi wa nane na walikuwa wamekubaliana kwamba mzee mwenyewe anipeleke Kihesa nikajifungulie kwa mama yangu.

Sasa mimi kaka yangu mkubwa ni fundi magari. Nimekulia kwenye mafuta machafu na spana, taa za kusugua nimeona mara nyingi sana, analoweka msasa ule laini kabisa kwenye maji, anapitisha juu ya kioo taratibu, halafu anang'arisha kwa kitambaa na majivu yaliyochekechwa mpaka unajiona. Nikajiambia, kumbe kazi yenyewe naijua! Siku moja wakwe wote wawili wamekwenda msibani kwa miguu, mimi nikatoa bisibisi kwenye boksi la mzee, nikakaa chini mbele ya gari na tumbo langu, nikafungua taa. Ile pete ya nje ikatoka, kioo kikatoka, nikasugua kioo nje, na kweli, Mungu shahidi, kikawa safi kama maji ya mtungi. Ningeishia hapo leo nisingekuwa na habari ya kuwaambia.

Lakini nilipochungulia ndani, nyuma ya balbu, kuna lile bakuli linalong'aa, nalo nikaona limepauka, lina madoa meusi kama kijiko cha zamani. Nikasema kazi gani hii ya kuosha mlango na kuacha chumba kichafu? Nikalisugua. Msasa kwanza, majivu baadaye, halafu ile dawa ya kung'arishia vinara vya shaba vya kanisani, ambayo mama mkwe alikuwa anaitunza kabatini. Kitambaa kikawa kinatoka na rangi ya fedha fedha, nikafurahi, nikasema huo ndio uchafu wenyewe. Mabakuli yote mawili yakawa ya njano, yamemetameta juani kama sufuria mpya. Nikarudisha kila kitu, nikafunga, nikanawa.

Mzee aliporudi alizunguka gari (nilikuwa nachungulia kwenye upenyo wa dirisha, naona suruali tu), akasimama mbele yake. Jioni mama mkwe akaja kwangu uso umechanua. "Baba yenu anasema, mwambie yule, taa nimeziona." Nilishindwa kula kwa furaha. Hakuna aliyeziwasha, jua lilikuwa bado kali, na kwa nini uwashe taa zinazong'aa hivyo?

Safari ilikuwa Jumamosi. Ilibidi iwe Jumamosi, kwa sababu mtakumbuka wakati ule mafuta yalikuwa adimu na magari ya watu binafsi Jumapili baada ya saa nane mchana yalikuwa hayaruhusiwi barabarani, kwa hiyo mpango ulikuwa tufike Kihesa kwa mwanga, wakwe walale, Jumapili alfajiri wageuze. Mbele walikaa mzee na mama mkwe. Mimi nilipangwa nyuma, kwenye bodi, chini ya turubai, nimekalia godoro kati ya mikungu ya ndizi na gunia la mchele wa Usangu, mgongo kwenye kichwa cha gari, uso kule tunakotoka. Kile kidirisha cha nyuma mama mkwe alikifunika kwa kitenge ili mzee asije akanitupia jicho kwa bahati mbaya kwenye kioo. Halafu akaniinamia, akaninong'oneza, "Mkamwana, ukishikwa uchungu njiani usiite, gonga bati. Akisikia tu, atajua la kufanya."

Nikasema ndiyo mama. Ishara moja tu, na maana moja.

Mzee alicheleweshwa na kikao cha kanisa, tukaondoka mchana umeshasimama. Tukavuka Mbeya, tukavuka Uyole, tukateremka, mimi nakula ndizi. Chimala tukapata pancha. Tairi la akiba nalo halina upepo, mzee akalipeleka kwa fundi huko sokoni, mimi nimejificha nyuma ya kibanda cha mkaa na kanga hadi kidevuni, nikisikia anapita najisogeza upande mwingine, anarudi najirudisha, watu wa Chimala wakadhani nimemwibia. Tulipoondoka pale jua lilikuwa limeshalala upande, na ndipo nilipoanza kufikiria taa.

Unajua ukikaa kinyumenyume kwenye gari, huna mtu wa kuongea naye, akili inarudi ilikotoka kama barabara inavyorudi. Nikamwona kaka yangu kwenye gereji yake, amekasirika, anamfokea fundi mwenzake aliyetaka kufuta ndani ya taa kwa kitambaa. "Lile bakuli huligusi! Hata kwa kidole! Ukitoa ile rangi ya fedha umeua taa!" Nikaacha kutafuna. Nikajaribu kujiambia kwamba ile ilikuwa taa ya lori, ya Pijo labda ni tofauti, labda aliongea hivyo kwa hasira tu. Halafu nikakiona kile kitambaa changu cha rangi ya fedha.

Tulivuka Makambako jua likiaga. Baada ya hapo barabara inapanda kuelekea kwenye mashamba ya misonobari, na wenyeji wa huko mnajua ukungu wake, hauji kama wingu, unakuta tu uko ndani yake. Mzee akawasha taa. Nikajipinda na tumbo langu, nikainua pembe ya turubai, nikachungulia mbele. Nilitegemea kuona mwanga umelala barabarani. Hakukuwa na mwanga barabarani. Kulikuwa na vitu viwili vya njano puani mwa gari, kama vibatari viwili vimebebwa na watu waliochoka, na mbele yake weupe mtupu.

Mzee anaendesha hivyo, na barabara ile ilikuwa na malori ya kwenda na kutoka Zambia, makubwa, hayana subira. Ndani ya lile gari kulikuwa na baba mkwe, mama mkwe, mimi na mtoto ambaye hajaiona dunia, na sote tungekufa kwa majivu na msasa wangu. Ni lazima nimwambie asimame. Nitamwambiaje? Kuita siwezi. Kukifunua kile kitenge cha kidirishani nikamtazama siwezi. Nikafanya kitu pekee kilichobaki. Nikagonga bati.

Gari likaongeza mwendo.

Nikagonga tena, kwa nguvu zaidi, maana yangu punguza, simama, tunakufa. Nikamsikia mama mkwe ndani akipiga kelele, "Yesu wangu, anashikwa! Baba Ambakisye, kimbia!" Na Pijo likanguruma, likaruka, ndizi zikanidondokea, mimi nagonga na ngumi mbili sasa, nalia, na kila ninavyogonga ndivyo anavyokanyaga. Mzee wa watu, ambaye kwa miaka yote alikuwa anaendesha kama amebeba mayai, alikuwa anapaa ndani ya ukungu kuniwahisha hospitali. Ndipo nikaelewa kwamba anayemuua ni mimi, kwa mkono wangu, na nikaacha kugonga. Nikaacha ghafla. Huko mbele mama mkwe akasema kwa sauti iliyokatika, "Amenyamaza," na mzee akaongeza mwendo mara ya mwisho.

Kisha breki. Gari likaserereka, likayumba, mimi na gunia la mchele tukagongana, likasimama. Nikasikia sauti ya mwanamume mwingine, imejaa hasira, "We mzee! Taa zako ziko wapi? Hukuyaona matawi?"

Lilikuwa lori limeharibika katikati ya barabara. Dereva wake alikuwa ameweka matawi ya kuonya kama inavyotakiwa, sisi tulikuwa tumeshayakanyaga. Baadaye mama mkwe aliniambia kati ya pua yetu na chuma cha lile lori mtu angepita kwa kujibana.

Mama mkwe akaja nyuma mbio, akafunua turubai. "Mtoto anakuja? Ametoka?"

"Hapana mama. Sijashikwa."

"Hujashikwa?"

"Nilikuwa nasema taa, mama. Taa haziwaki vizuri."

Halafu akaenda kumwambia mzee. Sasa hapa ndipo pangekuwa mahali pa kusema ukweli wote, na mimi nikaishia hapo hapo kwenye taa haziwaki vizuri. Nikamsikia mzee na yule dereva wa lori mbele ya gari, wanapiga piga, wanatikisa nyaya. Mzee akaanza kupandisha hasira. "Huyu fundi wa Mbalizi! Juzi tu alishika betri yangu! Amebadilisha kitu huyu, ameniibia! Na ni mtu wa kanisani kwetu, tunapokea naye meza ya Bwana! Kesho kutwa atasimama mbele ya wazee wote ajibu!" Nilimjua yule fundi, alikuwa na watoto wengi na kikohozi kisichoisha. Nikajifunika uso mzima. Sasa nilikuwa na roho tatu juu ya kichwa changu na jina la mtu mwingine juu yake.

Dereva wa lori akawaambia hapo si mahali pa kulala, malori ya matenki ya mafuta yanateremka bila kutazama, na kwamba mji uko karibu, mwendo wa miguu tu, ila lazima mtu atangulie mbele ya gari na kitu cheupe ili mzee afuate, maana kwa taa zile hata ukingo wa barabara hauonekani. Yeye hawezi kuacha mzigo, na msaidizi wake ameshakwenda mjini kutafuta spea. Mzee hawezi, ndiye anayeendesha. Mama mkwe akajitolea, akapiga hatua chache, goti lake bovu likamgomea, akashika mlango wa gari akiguna. Nikateremka.

"Mkamwana, wewe na tumbo hilo?"

"Nitatembea, mama. Mgongo nimempa, hatanitazama uso."

Kitu cheupe nilikuwa nacho kimoja tu, lile shuka jipya tulilonunua kwa ajili ya kujifungulia. Nikalitandaza kichwani likashuka mpaka kisigino, nikakamata ncha zake kifuani, nikatangulia. Nyuma yangu Pijo likaanza kunguruma polepole na vile vibatari vyake. Fikirieni wenzangu. Mtu ambaye kwa mila hatakiwi hata kuniona kisigino, amelazimika kunikodolea macho mgongoni bila kupepesa, kwa sababu akipepesa tu anatumbukia mtaroni. Nilikuwa naona aibu mpaka mgongoni, kama mgongo nao una uso. Miguu imevimba, mtoto anapiga mateke, na kila nikisikia lori kwa mbali naomba Mungu anichukue mimi peke yangu.

Basi tukafika mwanzo wa mji. Kuna vibanda, kuna moto wa mahindi ya kuchoma, kuna watu wamejikunyata na makoti yao mazito ya mtumba. Nilitegemea watu waseme pole, watupishe. Badala yake mzee mmoja aliyekuwa anachoma mahindi alisimama akavua kofia. Jirani yake akavua. Kina mama wakaweka vikapu chini. Mimi bado sijaelewa, ninatembea tu. Nikasikia mwanamke anasema kwa Kihehe changu kabisa kwamba maskini, ni mjane mwenyewe ndiye anayetangulia, tena mjamzito, na mwingine akaanza kulia.

Gari linatambaa. Taa zimefifia. Mwanamke mbele, shuka jeupe mpaka chini. Hata mimi ningelia.

Nikataka kusema jambo, lakini mzee alikuwa nyuma yangu hatua chache na dirisha liko wazi, sauti yangu itamfikia. Nikatembea. Wao wakafuata. Nikisimama wanasimama, nikienda wanaenda, na mtu fulani mwenye sauti nene akaanzisha wimbo wa mazishi. Ukapokelewa. Ukungu wote ukajaa wimbo. Na kibaya zaidi, mama mkwe wangu mle ndani ya gari, ambaye wimbo wa kanisani hauwezi kumpita hata akiwa usingizini, naye akapokea sauti ya pili.

Tulipofika penye uwanja wa maduka mzee akazima gari, akashuka, watu wakamzunguka pale pale, wanamshika mkono mmoja mmoja. "Pole sana mzee." "Poleni kwa msiba." Na yeye, kwa adabu ya Mnyakyusa aliyelelewa, mtu akikupa pole unapokea kwanza, akawa anaitikia, "Asante. Asanteni. Ndaga," yaani asante ya Kinyakyusa. Mpaka vijana wenye nguvu wakapanda nyuma kusaidia kushusha jeneza, wakafunua turubai, wakakuta ndizi.

"Mzee," mmoja akauliza kwa upole, "marehemu yuko wapi?"

Mzee akashangaa. "Marehemu gani?"

Minong'ono ikaanza. Mtu mmoja akasema labda maiti imeanguka njiani. Wengine wakataka kuchukua tochi warudi kuitafuta. Mzee, ambaye sasa alikuwa amechanganyikiwa kabisa, akapaza sauti kwamba hakuna marehemu, kuna mwizi, fundi mmoja wa Mbalizi aliyemharibia taa, na akalitaja jina lake, jina zima na la ukoo, mbele ya watu wote wale.

Hapo kitu kikakatika ndani yangu. Niligeuka. Sikufikiri, niligeuka tu, shuka likaniteleza likabaki mabegani, na nikapiga kelele, mimi ambaye kwa mwaka mzima nilikuwa naongea kwa kunong'ona kwenye ule uwanja.

"Hakuna maiti! Hakuna mwizi! Ni mimi! Nimesugua taa kwa msasa, mpaka ndani, mimi mwenyewe, fundi hana kosa!"

Wimbo, uliokuwa bado unaendelea kwa nyuma, ulikatika. Nilikuwa nimesimama mbele yake ana kwa ana, kichwa wazi, kinywa wazi, karibu kiasi cha kupeana chumvi. Nikamwona. Na yeye aliniona, macho yetu yalikutana, msinibishie. Kwa nyuma nikamsikia yule mzee wa mahindi akimuuliza mwenzake, "Amesugua nini?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Si kwa sababu ya watu wale, wale nisingewaona tena. Nilikuwa nimemtazama baba wa mume wangu usoni na kumpigia kelele hadharani, na nilijua kwamba kwa mila yao mke anaweza kurudishwa kwao kwa jambo dogo kuliko hilo, tena mimi nilikuwa nimeshafika nusu ya njia ya kurudi. Mama mkwe alikuwa amejishika kifua, wimbo umemwishia mdomoni.

Mzee alivua kofia yake taratibu. Akaiweka usoni, ikamfunika kuanzia kipaji mpaka kidevu, akaishikilia hapo kwa mikono miwili kama mtu anayesali. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa watu wote, "Ndugu zangu, asanteni kwa pole zenu. Nimesikia kwamba fundi wangu hana kosa, nashukuru, nilikuwa nataka kutenda dhambi. Ila aliyesema sijamwona. Kuna ukungu."

Kijana mmoja, wale wa kutokuelewa, akaninyooshea kidole. "Lakini mzee, si huyu hapa mbele yako?"

"Kijana," mama mkwe akamkata, "umesikia mzee amesema kuna ukungu?"

Na watu wa pale, Wahehe wenzangu, wakaelewa. Mmoja akaitikia, kweli ukungu leo umezidi. Mwingine akasema yeye haoni hata mkono wake. Yule mzee wa mahindi akavaa kofia yake, akasema tangu jioni hajamwona mtu yeyote. Wale wanawake waliokuwa wananililia wakanifunika shuka, wakanichukua, wakanipa uji na mahali pa kulala, na mzee akalala kwenye gari lake na baridi ile, kofia usoni.

Asubuhi tulisubiri jua litoke vizuri ndipo tukaondoka. Kihesa kaka yangu alifungua taa, akaangalia ndani ya lile bakuli la njano muda mrefu, akauliza ni mjinga gani aliyefanya kitu hiki. Mama mkwe akamjibu haraka, "Tulilinunua hivyo." Kaka akanitazama. Mimi nikaangalia kuku.

Mtoto wangu alizaliwa salama, wa kike, na nilirudi Mbalizi kama nilivyoondoka, nikaingia kwenye mahindi kila niliposikia kikohozi, na ndimu zikaendelea kuja. Kuhusu taa niliapa siku ile ile, na kiapo sijakivunja: sisugui kitu chochote kinachotoa mwanga. Taa ya chemli nilikuwa nawaachia watoto, balbu hubadilisha jirani, na nikiona kitu kimepauka siku hizi najiuliza kwanza ule mng'aro wake unatoka wapi kabla sijakipelekea msasa.

Mzee ameshatangulia mbele ya haki sasa. Tuliishi uwanja mmoja miaka mingi, na hakutamka neno juu ya jioni ile mpaka alipofariki, wala kwa mkewe, wala kwa mwanawe. Wajukuu zangu wakati mwingine wananiuliza baba wa babu yao alikuwa na sura gani, kama ni kweli walivyoambiwa kwamba nilimwona mara moja. Nawajibu kwamba sijui, siku hiyo kulikuwa na ukungu.